Dirisha kubwa la fiksi sebuleni, bahari iko mbele: nichague nini?

Dada yangu, kwanza hongera, maana kujenga kidogo kidogo mpaka ukuta ukafika usawa wa linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, sio kazi ndogo. Nalirudia swali lako kwa kifupi ili na wengine wafuate: nyumba iko Kigamboni, sebule inatazama mashariki na bahari iko mbele, hakuna jirani katikati, unataka dirisha moja kubwa lisilofunguka, lile sisi mafundi tunaita fiksi, upana mita 3.6 na urefu mita 2.1 yaani kutoka sakafuni mpaka chini ya linta. Fundi wako kasema kioo cha kawaida cha milimita 6 cha tinti kinatosha na kwa nje upige grili. Mumeo anaogopa joto, mama mkwe anasema nyumba itakosa hewa, na wewe unachotaka ni kuiona bahari ukiwa umekaa kwenye kochi.

Fiksi weka, ila usiweke ukuta mzima. Kwenye huo uwazi wa mita 3.6 kata fiksi ya mita 2.4 katikati, pembeni huku na huku bakiza sentimita 60 za dirisha la kufunguka, chini jenga mpaka sentimita 45 kutoka sakafuni, kioo cha katikati kiwe lamineti, yaani vioo viwili vilivyogandishwa, na kabla hujaanza kuzunguka madukani kuulizia vioo fikiria kibaraza mbele ya hilo dirisha. Linta yako haijamwagwa bado kwa hiyo uko kwenye wakati mzuri sana, wateja wangu wengi wananipigia simu nyumba imeshapauliwa na plasta imeshapigwa, hapo mtu wa vioo anabaki kuziba tundu lililopo basi.

Naanza na joto kwa sababu mumeo ana haki ya kuogopa. Jua la asubuhi huku pwani likikipiga kioo uso kwa uso kila mita ya mraba inapokea kama wati 650, na kioo cheupe, yaani kisicho na rangi, cha milimita 6 kinapitisha karibu asilimia 80 ya hilo joto. Dirisha unalolitaka lina mita za mraba 7.56, sasa zidisha mwenyewe, unapata karibu wati 3,900 zinaingia sebuleni. AC ya BTU 12,000 ambayo ndio watu wengi wanafunga sebuleni inaondoa joto la wati 3,500 hivi, kwa hiyo asubuhi hiyo AC yote itakuwa inapambana na dirisha peke yake, bado watu waliokaa humo, bado friji, bado dari lenye bati juu yake, na luku inakimbia.

Upande wa mashariki na magharibi ndio mgumu kwa nchi zetu hizi za karibu na ikweta na ni kitu ambacho watu hawaambiwi. Dar jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na katikati ya Oktoba, na hata Juni mchana linakuwa limeegemea kaskazini kidogo tu, nyuzi kama 30 kutoka utosini. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini ukilipa upenu wa bati wa sentimita 80 au mita moja umemaliza tatizo. Ila la mashariki jua linakuja chini, linapita chini ya bati linakuja moja kwa moja mpaka kwenye kochi, na kioo hata kiwe cha bei gani lazima kichague kati ya kukupa mwanga na kukukinga.

Ndio maana nakwambia kibaraza. Chukua siku ya kawaida ya Machi, saa 2 asubuhi jua linakuwa limepanda nyuzi kama 22, kibaraza cha kina cha mita 2 ambacho paa lake liko usawa wa linta kinatia kivuli sentimita 80 hivi za juu ya dirisha, yaani karibu nusu ya dirisha la urefu wa mita 1.65. Ikifika saa 3 na nusu jua liko nyuzi kama 45 na dirisha lote liko kivulini. Hapo umebaki na kama saa mbili na nusu za jua tangu linapochomoza na sehemu kubwa ya huo muda jua bado ni laini, ni lile la kunywea chai. Kikiwa cha mita 1.5 bado kinafaa, kitachelewa kidogo tu. Angalia paa lake lisipande juu sana kuliko linta maana kila sentimita linapopanda kivuli nacho kinapanda na dirisha linabaki wazi. Wazee wa pwani hawakuweka baraza mbele ya nyumba kwa ajili ya mazungumzo tu, na mimi kwa hesabu zangu mita mbili za bati na nguzo zinafanya kazi ambayo hakuna kioo cha duka lolote kitaifanya, na ukikaa hapo jioni una upepo na bahari bila kioo katikati.

Kama kibaraza hakiwezekani, labda kiwanja kimeisha, hapo ndio unatafuta kioo chenye koti la kurudisha joto, uulize kwa namba. Mwambie muuzaji akuoneshe karatasi ya kiwandani inayosema kioo kinapitisha asilimia ngapi ya joto la jua. Ukipata cha asilimia 40 na ukapunguza dirisha kama nilivyosema, fiksi na zile za pembeni zote pamoja zinakuwa na mita za mraba 5.94, joto linashuka mpaka wati 1,500 na kitu, chini ya nusu ya lile la mwanzo. Asiyekuwa na karatasi anakuuzia rangi.

Na hiyo tinti sasa. Kioo cha tinti kinafanya kazi kwa kunywa joto, chenyewe kinachemka, ukikigusa saa 4 asubuhi utatoa mkono haraka, alafu sehemu ya hilo joto kinalitema ndani. Shida kubwa zaidi ni kwamba kioo cha kawaida kikipata joto katikati na kingo zikabaki za baridi ndani ya fremu, kinapasuka chenyewe. Niliwahi kuitwa nyumba moja Mbezi Beach, kioo kikubwa cha tinti kimechanika toka kona ya chini mpaka katikati, mwenye nyumba alishawagombeza watoto wa jirani kwa mpira. Nilipoangalia mwanzo wa ufa ulikuwa umetoka kwenye ukingo umenyooka kabisa kama umepigwa kwa rula alafu ndio unapinda, hakuna alama ya kitu kugonga. Nusu ya kioo ilikuwa kwenye kivuli cha nguzo, nusu kwenye jua, na kwa ndani pazia zito limegusana na kioo halina pa kupumulia. Huo ni ufa wa joto, na kwenye nyumba zetu ni wa kawaida sana. Kwa hiyo dada tinti nyeusi kwenye kioo cha kawaida cha saizi hiyo hapana, na pazia liache sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye kioo, juu liwe na nafasi hewa ya moto itoke.

Kuna na hili la rifleki, kile kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia, watu wanakinunua wakiamini hawataonekana ndani. Mchana ni kweli. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, kinarudisha mwanga upande wenye mwanga mwingi, wewe ndani unajiona mwenyewe na aliyeko nje anakuona unakula. Pazia utanunua tu.

Nije kwa mama mkwe. Yuko sahihi, na ningekuwa wewe ningemwambia hivyo hivyo. Dirisha lisilofunguka ni la macho peke yake, na nyumba ya Dar bila upepo hailaliki, unyevu ukikaa ndani nguo zinaota ukungu kabatini. Sasa bahati yako ni kwamba ukuta wa mashariki unapata pepo zote mbili, kaskazi inakuja toka kaskazini mashariki kuanzia Desemba mpaka Machi ambayo ndio miezi ya joto kali, na kusi inakuja toka kusini mashariki kuanzia kama Aprili mpaka Oktoba. Ukiziba ukuta wote kwa fiksi umeufungia mlango upepo ambao wengine wanaununua kwa feni.

Zile sentimita 60 za pembeni ziwe za kusukuma nje, sio slaidi za kuteleza pembeni, slaidi nusu yake daima inabaki imeziba. Na hapa kuna kitu ambacho fundi wako asipoambiwa hatakifanya, bawaba zikae upande wa fiksi, zisikae upande wa ukuta. Fikiria umesimama ndani unatazama bahari, kushoto kwako ni kaskazini. Dirisha la kushoto likiwa na bawaba kwenye nguzo ya fiksi, ukilifungua linasimama kama mkono unaokinga, upepo wa kaskazi unaokimbia kandokando ya ukuta unagonga hapo na kuingia ndani. La kulia vivyo hivyo linakinga kusi. Ukigeuza bawaba kwenye ukuta kila dirisha linaupa upepo mgongo unapita zake. Ubaya wake ni kwamba likiwa wazi utaliona limesimama pembeni ya picha yako ya bahari, mimi naona ni bei ndogo sana kulipa. Na upepo ukiingia lazima uwe na pa kutokea, kwa hiyo ukuta wa pili, upande wa jikoni au korido, hakikisha kuna dirisha la kufunguka lenye ukubwa sawa au zaidi, la sivyo utafungua zote za mbele na pazia halitatikisika. Neti ya mbu inakata upepo mwingi, ndio sababu nyingine nakataa kuzifanya za pembeni kuwa nyembamba zaidi ya hapo. Fiksi yenyewe haihitaji neti, na hiyo ni raha yake, unaona bahari bila kitambaa katikati.

Chumba cha kulala usiweke fiksi peke yake hata kama mandhari ni ya namna gani. Moto ukianzia sebuleni watu wanahitaji kutoka kwa dirisha, na grili ya chumbani iwe na kipande kinachofunguka kwa ndani chenye ufunguo mahali ambapo hata mtoto anapajua.

Grili ya sebuleni sasa. Naelewa kwa nini fundi kasema upige, kwetu nyumba bila grili mtu halali, ila ukipiga nondo mbele ya fiksi utakuwa umelipa hela ya dirisha la picha na unaangalia bahari kama uko mahabusu. Hapo ndio lamineti inapoingia. Ni vioo viwili vimegandishwa na karatasi ya plastiki katikati, ukikipiga nyundo kinapasuka ila hakianguki, vipande vinabaki vimeshikana na plastiki, na mwizi inabidi apige na kupiga na kupiga mahali pale pale mpaka mtaa mzima uamke. Chukua cha milimita 5 mara mbili, plastiki ya katikati iwe ya milimita 1.52, usikubali ile nyembamba ya 0.38, hiyo ni ya kuzuia vipande visimkate mtu tu, mwizi haimsumbui. Hiyo plastiki pia inazuia karibu miale yote ile inayopausha makochi na zulia.

Wengi watakwambia chukua tempadi. Tempadi ni kioo kilichochomwa mpaka nyuzi 600 na kitu alafu kikapulizwa hewa ghafla, kina nguvu mara nne au tano ya kioo cha kawaida na kikivunjika kinakuwa punje ndogo ndogo zisizokata vibaya. Kwa mlango wa kioo, kwa bafuni, kwa mahali ambapo mtoto anaweza kukikimbilia, ni kizuri na kinavumilia joto la tinti bila kuchanika. Lakini kwa fiksi isiyo na grili kina shida moja, mwizi akikigonga kwenye ukingo kwa kitu chenye ncha kinamwagika chote kwa sekunde moja na njia iko wazi. Alafu tempadi haikatwi tena ikishachomwa, kipimo kikikosewa sentimita moja umenunua kioo cha jirani. Ukikinunua kwa ajili ya sehemu nyingine ya nyumba angalia muhuri kwenye kona, uwe umechomwa ndani ya kioo na sio stika, mara nyingi utaona namba ya kiwango kama EN 12150.

Kwa hiyo fiksi lamineti nyeupe bila grili, za pembeni zipige grili kwa ndani maana zinafunguka nje. Na mwambie fundi zile bidi zinazobana kioo zikae ndani, zikikaa nje mwizi haangaiki kuvunja, anachomoa bidi na bisibisi anakiweka kioo chako chini taratibu. Nimeona nyumba nzuri sana zimefungwa hivyo, na grili za bei kwenye madirisha mengine yote.

Ule ukuta wa chini wa sentimita 45 usiuonee uchungu. Jicho la mtu aliyekaa kwenye kochi liko kama mita 1.1 hadi 1.2 toka sakafuni, bahari yote utaiona, utakachopoteza ni kuona mchanga na miguu ya viti vya barazani. Unapata pa kuweka kibao cha kukalia chini ya dirisha, mvua ya masika hairushi matope kwenye kioo, na ufagio na baiskeli ya mtoto havigongi kioo kila siku. Kitu cha kulinda hapa ni kwamba fremu isikate katikati ya jicho, nimekuta madirisha ya picha yana bomba la alminiamu limepita kwenye mita 1.2 kamili, mtu akikaa haoni bahari wala anga, analiona bomba.

Na saizi inakusaidia mfukoni. Kioo kinapimwa hivi: kila milimita moja ya unene kwenye mita moja ya mraba ni kilo 2.5. Lile dirisha la mwanzo la mita 3.6 kwa 2.1 kwa unene wa milimita 10 lingekuwa kilo 189, hapo unatafuta vijana nane na bado unaomba Mungu. Hili la 2.4 kwa 1.65 ni kilo 99 na plastiki yake kidogo, vijana wanne wenye zile vikombe vya kunyonya kioo wanaliweza. Shiti nyingi sokoni zinakuja mita 3.3 kwa 2.14, ukikata 2.4 unabaki na sentimita 90, kioo kimoja cha pembeni kinatoka hapo hapo. Pima pia njia, kioo kinabebwa kimesimama kwa hiyo mlango kinapita, tatizo ni kona ya korido. Na kwenye gari kisafiri kimesimama kwenye stendi yake, ukipita daraja la Nyerere au ukipanda pantoni, asikudanganye mtu akilaze juu ya magodoro.

Kuhusu milimita 6 za fundi wako, upepo ukifika kilomita 108 kwa saa unasukuma kioo kwa uzito kama wa kilo 56 kwa kila mita ya mraba, kwenye fiksi ya 2.4 kwa 1.65 peke yake ni zaidi ya kilo 200 zinakiegemea kwa pamoja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitufikia pwani, kwa hiyo tusijenge kama vile upepo mkali ni habari za Msumbiji. Sita za kawaida kwa mita 3.6 kwa 2.1 mbele ya bahari mimi sifungi, hata mteja akinibembeleza.

Linta naomba usiiache kwa mazoea. Uwazi wa mita 3.6 sio mlango, ukiweka nondo zile zile za mlango linta itabonyea katikati milimita kadhaa, macho hayaoni lakini kioo kinaona, kikibanwa juu kinapasuka hata miezi sita baada ya kuhamia. Mpe injinia hela yake akupangie nondo na kina. Vipimo vya fremu vichukuliwe baada ya mbao za linta kutolewa na paa kukaa juu yake, sio kabla, na juu ya fremu ibaki nafasi ya milimita 10 hadi 15 inayojazwa kitu laini. Kioo nacho kisikae chuma kwa chuma ndani ya fremu, chini kinakalia vipande viwili vya raba ngumu, kimoja robo ya upana toka kushoto, kingine robo toka kulia, na pembeni kote kina milimita 5 za kupumua. Alminiamu inatanuka kuliko kioo, fremu yako ya mita 3.6 ikitoka kwenye baridi ya alfajiri mpaka ikachomwa na jua, tuseme tofauti ya nyuzi 40, inarefuka zaidi ya milimita 3.

Chumvi. Hapo ulipo chumvi inakula kila kitu. Profaili, yaani vipande vya alminiamu vya fremu, unene wake usiwe chini ya milimita 1.4, rangi iwe ile ya unga iliyochomwa kwenye oveni na sio ya kupulizwa barabarani, na skrubu zote ziwe stenlesi ya 316, hiyo namba iandike kwenye mkataba. Ukifunga skrubu ya chuma cha kawaida kwenye alminiamu karibu na bahari vile vyuma viwili vinalana, utaona unga mweupe alafu kutu inachuruzika kwenye ukuta uliopaka rangi juzi. Fremu ifungwe baada ya plasta, saruji mbichi inaunguza alminiamu na alama haitoki. Alafu kila wiki mbili mwagia kioo na fremu maji baridi ya bomba, ufute kwa kifutio cha raba, kwa sababu chumvi ikikaukia pale miezi bahari yako unaitazama kwenye ukungu.

Silikoni inuse. Kweli, mwambie fundi afungue tyubu uinuse, ikitoa harufu kali ya siki ikatae kwenye hili dirisha, ile asidi inaingia kwenye plastiki ya lamineti na kula alminiamu. Nilijifunza kwa uchungu kwenye kazi zangu za mwanzo, lamineti ya watu ilianza kuwa na utando mweupe kwenye kingo, ukawa unaingia ndani taratibu kama maziwa, na hakuna dawa yake zaidi ya kununua kioo kingine, nilikinunua. Omba silikoni isiyo na asidi, muuzaji anaijua.

Vioo viwili vyenye hewa katikati mtu akikutajia, kwa Dar sikushauri, vilibuniwa kwa ajili ya watu wa baridi na tofauti ya joto kati ya ndani na nje kwetu ni ndogo, labda kama unakaa kando ya barabara ya malori unataka kelele ipungue. Aliyejenga Njombe au Makete huyo tunaweza kuongea. Ukiwasha AC nyuzi 18 usiku kucha utaamka ukute umande umefunika kioo kwa nje, dirisha halivuji, ni unyevu wa pwani umekutana na kioo cha baridi, weka 24 au 25 utaiona bahari asubuhi.

Sasa wiki hii kabla hawajamwaga linta fanya hivi. Chukua shuka mbili na mbao, ziba uwazi mpaka ubaki na mita 2.4 kwa 1.65, weka kiti cha plastiki pale kochi litakapokaa, ukae saa 1 asubuhi, saa 3, saa 6 na saa 10, mumeo akae, na mama mkwe umpe kiti apime upepo kwenye zile sentimita 60. Pengine utagundua mnazi mzuri uko kushoto na fiksi inatakiwa isogee, kisha za kufunguka zisiwe sawa pande zote, moja 40 nyingine 80, hakuna sheria inayokulazimisha viwe pacha. Kuhamisha shuka ni bure.

Na siku ya kukabidhiwa usimalizie hela kabla ya maji. Chukua mpira wa bustani, anza kumwagia chini ya fremu dakika tano, panda katikati, panda juu, mtu mwingine awe ndani na tochi na kitambaa kikavu anapangusa kwenye kona. Maji yakitoka kwenye vitundu vya chini upande wa nje ni sawa, hiyo ndio kazi ya vile vitundu na fundi asiwe amevijaza silikoni. Yakionekana ndani, hata tone, mwache fundi atoe bidi aanze upya akiwa bado anakudai.